Sahihi zetu za chai zimegeuzwa "mashauriano": nembo mpya ya chuo iliamuliwa na nani?

Wanajukwaa,

Ninafungua uzi huu nikiwa na hasira, na nitajitahidi kueleza mambo kwa utaratibu. Mimi ni mhitimu wa chuo kimoja cha ufundi cha umma hapa Kisumu. Sitakitaja kwa jina, ingawa waliosoma pale watakitambua kabla hawajafika mwisho wa aya hii. Nina gereji upande wa Kondele na kila muhula ninapokea wanachuo wanaokuja kwa mazoezi ya kazini, kwa hiyo daftari zao hupita mikononi mwangu, na muhuri wa chuo ninauona mara nyingi kuliko baadhi ya wakuu wa idara.

Muhula huu vijana wamekuja na daftari zenye nembo nisiyoijua. Beji tuliyoizoea, yenye gurudumu la meno, spana na mtumbwi, imeondolewa, na mahali pake pamechorwa mkunjo wa rangi ya samawati ambao ungeweza kuwa wa benki, wa kampuni ya bima au wa maji ya chupa. Kaulimbiu imebadilishwa pia, na jina fupi lililoandikwa kwenye bango la barabarani halionyeshi tena kwamba hapo hufundishwa kazi ya mikono. Tayari mzazi mmoja ameniuliza kama masomo ya makanika bado yapo, au chuo kimegeuka kuwa cha kompyuta pekee.

Sina ugomvi na mabadiliko yenyewe. Eneo hili letu la magharibi limeona taasisi zikibadilika majina na hadhi: WECO, chuo cha Kakamega kilichojengwa kwa michango ya harambee katika miaka ya 1970, ndiyo iliyokuja kuwa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro mwaka 2007, na pale Maseno chuo cha ualimu cha Siriba kiliingizwa katika kile ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Maseno. Nembo nayo huchakaa, na kama ile ya zamani ilikuwa haisomeki vizuri kwenye simu, hilo lingeweza kuelezwa na watu wakaelewa. Kinachonikera ni tangazo lililobandikwa langoni, linalodai kwamba utambulisho huu mpya umetokana na mashauriano ya kina na wadau wote. Katika hayo yanayoitwa mashauriano nilikuwemo, na ninaomba niwaeleze yalivyokwenda.

Tulialikwa ukumbini wahitimu, wazazi kadhaa, viongozi wa wanachuo, wakufunzi na baadhi ya wafanyakazi wa jikoni na ulinzi. Mlangoni tulikabidhiwa ile karatasi ambayo kila Mkenya aliyewahi kuhudhuria mkutano wa umma anaifahamu: jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, sahihi. Mtu huitia sahihi karatasi hiyo kwa kuwa bila sahihi hakuna chai wala nauli, na pia kwa sababu ya adabu. Tulipoketi, mshauri aliyeletwa kutoka Nairobi akawasha projekta na kutuonyesha nembo ikiwa tayari imechorwa kwenye fulana, kwenye ubavu wa basi na juu ya lango, kisha akatueleza kwa lugha laini sana jinsi sisi tulivyo nguzo ya chuo. Huko ni kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Maswali yaliahirishwa hadi baada ya chakula, na baada ya chakula mgeni akawa na ndege ya kuwahi. Mama mmoja wa jikoni, ambaye amewalisha wanachuo wa vizazi viwili, alisimama akauliza kwa nini mtumbwi umeondolewa ilhali chuo kiko kando ya ziwa. Akajibiwa kwamba maoni yake yamepokelewa. Sasa nimeambiwa na mtu aliyeiona ripoti kwamba karatasi ile ya mahudhurio imeambatishwa mwishoni kama ushahidi kwamba tuliulizwa na tukakubali.

Sahihi yangu ilithibitisha kwamba nilifika. Haikuthibitisha jambo lingine lolote.

Wakuu wa chuo wasijidanganye kwamba haya ni manung'uniko ya gereji. Ibara ya 10 ya Katiba ya mwaka 2010 inautaja ushirikishwaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya kitaifa yanayomfunga kila afisa wa umma, na Ibara ya 232 inaurudia katika maadili ya utumishi wa umma. Mahakama nazo zimekwisha kuonyesha kwamba ushirikishwaji wa kujionyesha haukubaliki: mwaka 2014 Mahakama Kuu iliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Sisemi kwamba nembo ya chuo ni sawa na sheria ya kodi. Ninasema kwamba taasisi inayoendeshwa kwa fedha za umma haina ruhusa ya kubuni kibali ambacho haikupewa.

Wala wasituambie kwamba watu wa kawaida hawajui mambo ya chapa. Chuo Kikuu cha California kilizindua nembo mpya mwaka 2012, na kabla mwaka huo haujaisha kikaiondoa baada ya malalamiko yaliyotiwa sahihi na watu zaidi ya 50,000. King's College London nayo ilitangaza mwishoni mwa mwaka 2014 kwamba ingejiita King's London, na Januari 2015 ikauacha mpango huo kwa sababu wanachuo na wahitimu waliukataa. Hao walikuwa na washauri wa bei ghali kuliko wetu.

Ingekuwa rahisi kufanya jambo hili vizuri. Kabla ya kuchora chochote, wangetuma watu Kibuye kwa mafundi wa juakali, waulize: mkisikia jina la chuo hiki mnakumbuka nini, na kwa nini mnamwajiri kijana aliyetoka pale au mnamkataa? Wangewauliza wakufunzi wa uchomeleaji, ambao wanachuo wao ndio waliolitengeneza lango hilo linalopakwa rangi ya samawati. Wangebandika michoro kadhaa kwenye bwalo la chakula muhula mzima, kisha wachapishe maoni yaliyotolewa pamoja na sababu za kuyakataa yale yaliyokataliwa. Huenda tungeshindwa kwa hoja, na mtu aliyeshindwa kwa hoja hukubali kuvaa nembo asiyoipenda.

Badala yake wanachuo wameagizwa wanunue ovaroli mpya zenye nembo hiyo, kwa fedha zao wenyewe, kutoka kwa muuzaji mmoja aliyeteuliwa. Kijana aliye kwangu sasa ana ovaroli ambayo haijamaliza mwaka, haina tundu wala mshono uliofumuka, na ameambiwa kwamba hataruhusiwa kuingia karakana nayo. Baba yake huuza omena. Ningependa mkuu wa chuo amweleze mzee huyo ana kwa ana kasoro ya ovaroli ile ni nini.

Nimeandika barua ya kuomba mambo matatu kwa mujibu wa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016: ripoti nzima ya mshauri, kiasi alicholipwa, na kumbukumbu za mkutano ule zinazoonyesha nani alisema nini. Sheria hiyo inawapa siku 21 za kujibu. Wakinyamaza, malalamiko yatapelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile ambayo wengi tunaiita Ombudsman. Nimeomba vilevile agizo la ovaroli lisimamishwe hadi suala lenyewe lijadiliwe upya, na mwaliko wa mkutano huo ubandikwe mahali ambapo hata wafanyakazi wa jikoni na askari wa lango watauona.

Barua itapelekwa Jumatatu asubuhi. Kama ulikuwepo ukumbini siku ile, andika hapa chini iwapo uliulizwa maoni yako na ulijibiwa nini, hata kama uliipenda nembo hiyo. Walioajiriwa na chuo wasiandike hadharani. Wanitumie ujumbe wa faragha, nami sitalitaja jina la mtu.