Kutofika kwenye adhabu ya huduma kwa jamii: nani athibitishe kwamba ni makusudi?

Wakuu, salaam. Kijana wa jirani yangu hapa Magomeni alipewa huduma kwa jamii badala ya kifungo: kufagia na kudeki zahanati moja ng'ambo ya bonde la Jangwani, hapa Dar. Zikaja mvua. Mnajua Jangwani ikifurika: barabara inafungwa, mwendokasi unasimama. Daftari likaandikwa "hakufika" siku tatu, naye akaitwa mahakamani ajieleze kwa nini asiende gerezani.

Daftari linaonyesha hakufika. Kwamba alikusudia, halionyeshi.

Msimamo wangu ni kwamba anayeomba amri ya huduma ifutwe, yaani afisa anayeisimamia, ndiye athibitishe makusudi. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002 ilikuja ili wenye vifungo visivyozidi miaka 3 wasirundikwe magerezani. Na Katiba, Ibara ya 13(6)(a), inampa mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu. Kuulizwa "ulikuja au hukuja?" si kusikilizwa.

Marekani walishapita hapo. Danny Bearden wa jimbo la Georgia aliachwa nje kwa masharti, alipe dola 750 za faini na fidia. Akakopa kwa wazazi wake akalipa 200, kisha kiwanda kikampunguza kazi. Hakujua kusoma, kazi nyingine hakupata, akafungwa. Mwaka 1983 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikasema huwezi kumfunga mtu kwa kushindwa kulipa kabla ya kuchunguza kama amekataa kwa makusudi au hakujitahidi vya kutosha.

Wa Tabata: Mkuu, nakuelewa, ila mimi niliibiwa bodaboda na mtu aliyekuwa nje kwa huruma hiyohiyo. Nia iko moyoni mwa mtu, afisa ataitoaje? Huyu atasema mvua, yule mtoto anaumwa, mwingine nauli. Aliyevunja sharti ndiye abebe mzigo.

Mtoa mada: Pole sana kwa bodaboda, mkuu. Lakini nia mahakama huipima kila siku kwa matendo ya mtu, hata kwenye kesi za wizi. Alipiga simu? Barabara ilipofunguliwa alirudi? Alihama chumba bila kuaga? Kutaja sababu uwe wajibu wake, hapo sibishani nawe. Akishaitaja, upande wa pili ndio uonyeshe kwamba ni uongo. Ukimwachia yote yeye, asiye na wakili ameshafungwa kabla hajafungua mdomo.

Mama wa Mbagala: Wanangu, wa kwangu naye alikosa siku mbili kwa homa. Hakuna aliyempa namba ya afisa, na zahanati aliyotibiwa haikumwandikia hata karatasi. Wapewe namba siku ileile ya hukumu. Na mwenyekiti wa serikali ya mtaa aandike barua, yeye anajua nani alikuwa ndani anaumwa na nani alikuwa kijiweni.

Wa Tabata: Shikamoo mama. Barua ya mtaa naikubali, ila wenyeviti wengine humwonea haya jirani yao. Hakimu amwite aseme kwa kiapo.

Mtoa mada: Aitwe. Na afisa aliyeandika "hakufika" naye aitwe, aulizwe kama siku hiyo yeye mwenyewe aliweza kuvuka Jangwani.