Ulinganisho: Vijana wa sekondari tuwaanzishie majoka ya nani?

Msomaji_Pasua (Moshi)

Habari za jioni wakuu. Jumamosi huwa nakaa na vijana wa kidato cha pili na cha tatu hapa Pasua, tunasoma riwaya kwa sauti, kitabu kinazunguka mkono kwa mkono. Safari hii wameomba wenyewe: wanataka majoka. Sinema wameshaziona, sasa wanataka kitabu.

Vitabu havikunisumbua kupata. Wageni wanaoshuka mlimani huacha riwaya zao hosteli, baadaye unazikuta kwenye meza za mitumba. Nimepata vinne ambavyo havijachanika: A Wizard of Earthsea cha Ursula K. Le Guin (1968), Dragonflight cha Anne McCaffrey (1968 pia), His Majesty's Dragon cha Naomi Novik (2006) na Dune cha Frank Herbert (1965). Hicho cha mwisho kina mnyoo mkubwa wa jangwani, ila naambiwa kazi yake ni ileile ya joka, kukaa juu ya mali ambayo kila mtu anaitaka.

Moto wa joka haunishughulishi sana. Nataka kitabu ambacho watu wanaoishi na hilo joka ni watu kweli, wenye deni, wenye mila za kuzika na kuoa, wenye ugomvi wa mipaka. Vijana hawa wamekulia kwenye mila. Wanajua mtu anayetaka msamaha anabeba jani la sale, na wanajua nani wa kulipokea. Ukiwaletea jamii ya kubandikabandika wanaishtukia mapema na kitabu kinafia hapo. Waliosoma naomba mnilinganishie.

Chalii_Sakina (Arusha)

Dada, Earthsea. Na nitakutetea kwa kurasa chache za mwanzo tu.

Ged ni mchunga mbuzi kwenye kisiwa cha Gont. Mama yake alishafariki, mama yake mdogo ndiye mganga wa kijiji. Siku anatimiza miaka 13 anavuliwa jina la utoto, anaingia uchi kwenye maji ya baridi ya chemchemi za mto Ar, anavuka ng'ambo, na huko mzee Ogion anamshika mkono na kumnong'oneza jina lake la kweli. Kuanzia siku ile jina hilo halitajwi ovyo. Mtaani anaitwa Sparrowhawk, na anayemwambia jina lake la kweli amemkabidhi maisha yake. Kijana wa huku Arusha ambaye kaka zake wameshatoka jandoni atasoma hapo bila kuhitaji maelezo yoyote.

Sasa joka. Watu wa kisiwa cha Low Torning ni wavuvi maskini, wamemchukua Ged awe mchawi wao kwa sababu majoka ya kisiwa cha Pendor yameanza kukua na siku moja yatakuja. Ged anaamua kuyafuata kwa mashua, peke yake. Anaua kadhaa ya yale machanga, kisha anatokea baba yao, mkubwa kama mnara. Kilichobaki mkononi mwa Ged ni kitu kimoja: amesoma habari za kale akakisia jina lake. Anamwita Yevaud. Na joka linatulia. Wanaanza kuongea kwa Lugha ya Uumbaji, ambayo binadamu akiisema hawezi kusema uongo lakini joka linaweza. Yevaud anamwahidi kumtajia jina la kivuli kimoja kiovu kinachomwinda, yaani anampa njia ya kujiokoa. Ged anaikataa. Anadai kiapo kwamba yeye na wanawe hawatakuja kamwe kwenye visiwa vya watu. Mwenye kivuli mgongoni anachagua usalama wa wavuvi. Mimi huwa naweka kitabu chini kidogo nikifika hapo.

Le Guin alikuwa binti wa Alfred Kroeber, mwanaanthropolojia, na mama yake Theodora aliandika kitabu mashuhuri juu ya Ishi, mtu wa mwisho wa Wayahi wa California. Mila za watu zilikuwa kazi ya nyumbani kwao. Ndiyo maana visiwa vyake vina nyimbo, vina sherehe za katikati ya mwaka, vina macho yaliyochorwa kwenye mashua. Na watu wake wengi ni wa rangi ya kahawia na weusi. Weupe ni wale wavamizi wa Kargad. Hiyo ni Marekani, 1968.

Binti_Njiro (Arusha)

Chalii umesema vizuri ila umeruka kitu ambacho wasichana wa dada Msomaji watakiona haraka. Shule ya wachawi ya Roke, anakosomea Ged, haina mwanamke hata mmoja. Uchawi wa wanawake unasemwa kuwa dhaifu na wa hila. Le Guin mwenyewe alirudi kulishughulikia jambo hilo kwenye Tehanu mwaka 1990, na alilishughulikia kweli, lakini huwezi kumwambia binti wa kidato cha pili asubiri hadi kitabu cha nne.

Kwa swali ulilouliza, la watu kuwa watu kweli, mimi nampa McCaffrey nafasi ya kwanza. Pern ni sayari iliyokaliwa na watu waliotoka duniani wakasahau walikotoka. Kuna nyuzi zinazoanguka kutoka angani na kula kila kilicho hai, na majoka yanatafuna jiwe ili yateme moto na kuziunguza zikiwa bado juu. Majoka yana gharama. Yanakula. Wapandaji wao hawalimi. Kwa hiyo mashamba na ngome zote zinatoa zaka kulisha majoka na watu wake.

Kitabu kinapoanza, nyuzi hazijaanguka kwa miaka 400. Jiulize mkulima atafanya nini. Anaanza kunung'unika. Anapunguza zaka. Anaacha majani yaote kwenye kuta za mawe, jambo ambalo sheria za zamani zinakataza kwa sababu nyuzi zikitua kwenye majani zinazaliana. Mabwana wa ngome wanakuja na jeshi kuuliza tunawalisha ninyi kwa kazi gani. Na hawana ubaya wowote wa kishetani, ni watu waliochoka kulipia hatari ambayo hata babu zao hawakuiona. Riwaya nyingi za majoka zina vita vya wema na ubaya. Hii ina ugomvi wa kodi, na mimi niliusoma nikiwaona watu ninaowajua.

Tahadhari lakini: Dragonflight usiwasomee watoto kwa sauti. Malkia wa majoka akipanda, hisia zake zinawaingia wapandaji, na mambo yanayofuata kati ya wapandaji Lessa na F'lar hayana ridhaa iliyo wazi. Watafutie Dragonsong (1976), dunia ileile. Menolly ni binti wa wavuvi mwenye kipaji cha muziki, baba yake anamkataza kupiga nyimbo zake kwa kuwa ni msichana. Anatoroka, anaishi kwenye pango la pwani na mijusi wa moto, ambao ndio majoka yalitengenezwa kutokana nao.

Fundi_Redio (Usa River)

Dune. Najibu kwa mfano mmoja. Stilgar, kiongozi wa Wafremen, watu wa jangwani, anaingia mbele ya Duke, mtawala mgeni, na kutema mate mezani. Walinzi wanataka kumrukia. Duncan Idaho, mtu wa Duke, anawazuia na kushukuru kwa zawadi ya maji ya mwili wake. Kila kitu cha Wafremen kinaanzia hapo: nguo zinazorudisha jasho, maiti ambaye maji yake ni mali ya kabila, machozi kwa ajili ya marehemu ambayo yanawashangaza wote waliopo. Kanuni moja, maji, imezaa mila zote.

Mzee_wa_Marangu

Vijana hamjambo. Fundi, hilo la maji nimelipenda, nami nina la kuongeza kwa mtu aliyekulia kwenye mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia.

Mfongo wetu unatoka juu, unapita kwenye vihamba, mashamba ya nyumbani ya watu, na kila mmoja ana zamu yake. Siku ya kuuzibua ikitangazwa, usipotokea unatozwa faini, na ukifungulia maji usiku kwenye zamu ya mwenzako kijiji kizima kitalizungumza. Hapo utaona maji yanaleta heshima, lakini yanaleta pia vikao, wezi, wajanja na wazee wa kusuluhisha. Herbert ametuonyesha heshima vizuri sana. Wafremen wake wote ni wakali na waaminifu kwa maji, nami nilimtafuta yule anayeiba kidogo kidogo sikumwona vya kutosha. Kwa kipimo hicho namuunga mkono binti wa Njiro. Mabwana wa Pern wanaokwepa zaka nawajua kwa sura.

Binti_Njiro (Arusha)

Shikamoo mzee. Nimefurahi.

Mwl_Kibosho

Wapendwa, nimesoma yote na nina huzuni kidogo kwamba hakuna aliyetaja cha kwetu.

Joka tunalo. Edward Steere aliandika hadithi za Unguja akazichapisha mwaka 1870, na mojawapo ni Sultani Darai. Hamdani ni maskini anayechakura jaani, anaokota thumni, ananunua paa. Paa anaongea. Anampatia bwana wake mke, binti wa sultani, kisha anakwenda kumtafutia nyumba na kuikuta ya nyoka mkubwa wa vichwa saba. Anamkata vichwa vyote kwa upanga, mpaka mwenyewe anazimia, na bibi kizee aliyekuwa humo ndiye anayemmwagia maji. Lakini uzito wa hadithi uko baadaye. Paa anaugua, na Hamdani, sasa tajiri, hataki hata kumpikia uji wa maana. Paa anakufa na Hamdani anajikuta yuko jaani kama mwanzo. Katika hadithi nyingi za majoka, joka likishindwa ndiyo ushindi. Hapa joka linashindwa mapema na mtihani unakuwa wa fadhila.

Na mkitaka jamii ya kubuni, Shaaban Robert alitupa Kusadikika mwaka 1951, nchi inayoelea angani. Karama anashtakiwa kwa kutaka kufundisha elimu ya sheria, na anajitetea kwa kusimulia wajumbe sita waliotumwa pande zote, mpaka mbinguni na ardhini, wakarudi na mema na kuadhibiwa. Haina joka. Ina mfalme, ina waziri Majivuno, ina baraza linaloogopa habari mpya. Iliandikwa chini ya utawala wa Waingereza na kila msomaji alielewa.

Chalii_Sakina (Arusha)

Mwalimu, heshima yako, lakini Kusadikika sikubali kuwa inajibu swali la dada. Naipenda, ila ni nchi ya hoja. Hujui watu wake wanakula nini asubuhi. Majivuno ni jina na ni tabia, basi. Ged ana kovu usoni na ana aibu ya kitu alichokifanya akiwa na miaka ya ujana. Hizo ni kazi mbili tofauti.

Mwl_Kibosho

Ni kweli ni kazi mbili. Ninachoogopa ni kijana kumaliza shule akidhani dunia za kubuni huandikwa na wageni tu.

Mjukuu_wa_Mangi (Moshi)

Niingize Novik kwa kifupi maana mmemsahau. Vita vya Napoleon, lakini kila jeshi lina majoka. Nahodha Laurence anakamata meli ya Kifaransa yenye yai, linaanguliwa baharini, na Temeraire anamchagua yeye. Kitabu cha kwanza ni chepesi kusomwa kwa sauti na vijana watakipenda.

Nguvu yake ni kwamba yeye mwenyewe anafanya huu ulinganisho wetu. Uingereza majoka yanatengwa kambini na kulishwa nyama mbichi. China yanatembea mitaani, yanapata mshahara, yanapikiwa. Kisha kwenye kitabu cha nne, Empire of Ivory (2007), tunafika kwa Watswana, ambao kwao joka ni babu aliyerudi. Yai likiwa bado halijaanguliwa linasimuliwa maisha ya yule mzee, ili likitoka lijue ni nani. Na majoka hayo yanapogundua watu wao wanauzwa utumwani, yanakwenda kuvunja bandari za watumwa.

Babu zangu wanaitwa kwa majina kwenye kikao cha ukoo hadi leo. Niliposoma hapo niliona mwandishi wa Marekani amejiuliza swali sahihi: kwa watu wanaowakumbuka wazee wao hivi, joka lingekuwa nani? Nampinga sehemu moja tu, kwamba tunawaona Watswana kupitia macho ya Laurence aliye mateka, hivyo hatuketi nao jikoni.

Msomaji_Pasua (Moshi)

Nawashukuru sana, na shikamoo Mzee wa Marangu.

Nimepanga hivi. Jumamosi ijayo tunaanza na Sultani Darai, kikao kimoja kinatosha, Kiswahili chake ni cha zamani lakini kinasomeka. Baada ya hapo Earthsea chote, kwa sababu ni kifupi na kile kipande cha kuvuka mto nakitaka wakisome wakiwa wote. Kila mwisho wa sura watasimama waseme kwa Kiswahili kilichotokea, maana Kiingereza chake kina sentensi ndefu. Hoja ya Binti kuhusu Roke nitaiuliza waziwazi siku hiyohiyo, nione wasichana watasema nini kabla sijawaambia kuwa kuna Tehanu.

Dragonflight nakiweka pembeni. Zaka na wakulima nitawasimulia kwa mdomo. Dune wangoje kidato cha tano. Temeraire ndiye wa likizo, wakae naye nyumbani.

Kilichobaki: Dragonsong sijaiona popote Moshi. Kuna mwenye nakala Arusha?

Binti_Njiro (Arusha)

Ninayo, jalada limetoka ila kurasa zote zipo. Nitampa kondakta wa basi la asubuhi Ijumaa, nitakutumia namba ya gari. Wakimaliza waandike majina yao ndani, kisha uipeleke Kibosho kwa Mwalimu.