Bima ya mbwa Dar es Salaam: ni anasa, au ni sehemu ya bei ya mbwa?

Mleta mada

Ndugu zangu, naomba tujadili jambo lililozua ubishi Jumamosi iliyopita kwenye benchi la kliniki moja ya mifugo huku Mbezi Beach, nilikokwenda kumchanja mbwa wangu. Kijana mmoja alikuwa amepakata mtoto wa mbwa wa Kijerumani wa miezi mitatu, amemviringisha taulo, na taulo lenyewe limeloa mharo wenye damu. Daktari alimweleza kwamba dalili zote ni za parvo, ugonjwa wa kirusi unaoshambulia utumbo wa mbwa, kwamba hakuna dawa ya kuua kirusi chenyewe, na kwamba kinachomwokoa mbwa ni dripu, dawa za kuzuia kutapika na uangalizi wa siku nne au tano. Kijana aliuliza gharama, akatoka nje kupiga simu, akarudi, akauliza kama siku mbili zisingetosha.

Mama mmoja akasema, "Laiti angekuwa amemkatia bima." Mzee aliyekaa pembeni yangu akacheka kwa sauti: "Bima ya mbwa? Binadamu wenyewe wenye bima ni wangapi?"

Swali la mzee si la kupuuzwa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepitishwa mwaka 2023 tu, na familia nyingi bado hulipia matibabu kwa fedha za mfukoni au kwa michango ya ndugu. Hata hivyo nashikilia kwamba anayemleta mbwa nyumbani leo aihesabu bima ndani ya bei ya mbwa, kama anavyohesabu banda, chakula na chanjo. Ada hiyo hainyang'anywi mgonjwa wa mtaani; inatoka kwa mtu aliyekwisha kuamua kununua mbwa kwa laki kadhaa, na ambaye gari lake hulikatia bima kubwa kila mwaka bila yeyote kumwita mbadhirifu.

Nasisitiza mbwa mpya kwa sababu ya wakati. Kinga ambayo mtoto wa mbwa huipata kwa maziwa ya mama hupungua kidogo kidogo, na chanjo huanza akiwa na wiki sita hadi nane, kisha hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afikishe wiki kumi na sita. Katikati hapo upo upenyo ambamo kinga ya mama haitoshi tena na ile ya chanjo haijakomaa, na parvo na distempa, ugonjwa mwingine wa kirusi wa mbwa, hupenya humo. Baada ya hapo huja homa za kupe, mifupa ya kuku inayokwama, soksi zilizomezwa, na sumu ya panya. Bima nayo ina saa yake: mikataba mingi huweka muda wa kusubiri, na karibu yote hukataa kulipia maradhi yaliyokuwapo kabla ya kujiunga. Anayekumbuka bima akiwa ameshika taulo lenye damu amechelewa, na wala si kwa ukatili wa kampuni, maana kama watu wangeruhusiwa kujiunga wakiwa tayari wana wagonjwa, hakuna ambaye angelipa ada akiwa na mbwa mzima.

Lipo pia jambo ambalo benchi zima halikuligusa, nalo ni jino la mbwa kwenye mguu wa mtoto wa jirani. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, kupona ni jambo la nadra mno; kwa hiyo aliyeng'atwa anapaswa kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, kisha awahi hospitali kwa sindano zinazotolewa kwa siku zilizopangwa. Nani alipe? Majimbo kadhaa ya Ujerumani, Berlin na Hamburg yakiwamo, humlazimisha mwenye mbwa kuwa na bima ya madhara kwa watu wengine, yaani ile ambayo sisi wenye magari tumezoea kuiita bima ndogo. Mtu akiniambia kwamba bima kubwa ya mbwa ni anasa, nitamsikiliza. Akiniambia hivyo kuhusu bima ndogo, itabidi anieleze yule jirani atamjibu nini.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, nakuheshimu, lakini hapa umetupeleka mbali. Mimi nafuga Goba kwa miaka mingi. Mbwa wangu wa kienyeji wamekula dona na dagaa, wamelinda nyumba miaka kumi, na kliniki hawakuijua zaidi ya sindano ya kichaa. Ukiweka shilingi 30,000 kila mwezi kwenye kibubu, baada ya miaka mitano unazo 1,800,000, na asipougua ni zako. Kampuni ya bima asipougua haikurudishii hata senti, na akiugua inakutolea maandishi madogo ya ukurasa wa nne. Kama kibubu hakitoshi, majirani kumi tuanzishe kikoba cha mbwa. Vikoba tunavijua, tunaaminiana, na hakuna ofisi ya kutupiga chenga.

Mleta mada

Ahsante, ndugu yangu. Kuhusu maandishi madogo naafiki kabisa, na nitalirudia. Kuhusu kibubu, hesabu yako ni sahihi ila imeanzia mwisho. Yule mtoto wa mbwa wa Mbezi alikuwa nyumbani mwezi mmoja. Kibubu chake kingekuwa na 30,000. Mwaka mzima wa kwanza, ambao ndio wenye hatari nyingi, kibubu ndiyo kwanza kinaanza kulia kikitikiswa. Nacho kikivunjwa mwezi wa sita kwa ajili ya mguu uliovunjika, mwezi wa saba kinaanza upya.

Kuhusu mbwa wa kienyeji, sibishi kwamba ni wagumu. Nauliza tu: katika kila uzao wa watoto sita, umewahesabu wale waliokufa kabla hujawapa majina?

Hoja ya kikoba ndiyo iliyonikesha, kwa sababu ndiyo iliyo karibu zaidi na mila zetu na kwa mtazamo wa kwanza haina kasoro. Kikoba huenda vizuri pale misiba inapokuja kwa zamu: leo kwako, mwakani kwangu. Parvo haiji kwa zamu. Kirusi chake hudumu kwenye udongo kwa miezi mingi, hata mwaka na zaidi. Husafiri kwenye soli za viatu, kwenye matairi ya bodaboda na kwenye ndoo mliyoazimana, na usipopiga sakafu kwa jiki, sabuni ya kawaida haikitishi. Kikifika mtaani kwenu Goba, wanachama wanne kati ya kumi watagonga mlango wa mweka hazina wiki hiyo hiyo, na wa tano atakuta sanduku tupu. Mnaaminiana, ndiyo, lakini mmekaa juu ya udongo mmoja. Bima huchanganya mbwa wa Goba na wa Kigamboni, wa Arusha na wa Mwanza, ili balaa la mtaa mmoja lilipwe na mitaa ambayo haikuguswa. Kikoba cha majirani hakiwezi kufanya hivyo hata kiongozwe na malaika.

Sasa maandishi madogo. Uingereza, ambako bima ya mbwa imeuzwa tangu mwaka 1947, ipo mikataba inayolipia ugonjwa mmoja kwa miezi kumi na miwili pekee, na ipo inayoulipia maisha yote ya mbwa mradi ada haikatiki. Mwenye mbwa mwenye kisukari au mzio wa ngozi aliyenunua ule wa kwanza kwa sababu ya urahisi wa bei hugundua mwaka wa pili kwamba ugonjwa huo sasa unahesabiwa kuwa uliokuwapo kabla, na hakuna kampuni nyingine itakayempokea nao. Chanjo za kawaida kwa desturi hazilipiwi. Kila dai lina kiasi ambacho mwenye mbwa hujilipia kwanza, na ada hupanda mbwa anapozeeka. Haya yote ni sababu za kusoma mkataba kabla ya kutia sahihi. Sioni namna yanavyokuwa sababu za kubaki bila mkataba.

Mimi mwenyewe nilimwendea wakala anayenikatia bima ya gari. Alidhani nimekosea neno: "Ng'ombe?" Nikamwambia mbwa. Alipoacha kucheka alinijibu jambo la maana, kwamba mbwa mmoja hatoshi kupangiwa ada, na kwamba bidhaa mpya hupelekwa kwa TIRA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, kuidhinishwa kabla ya kuuzwa, hivyo mwajiri wake hataandaa maombi kwa ajili ya mteja mmoja wa Mbezi. Akataka orodha ya wenye mbwa walio tayari kujiunga. Ndiyo maana nimeileta mada hii hapa badala ya kuimalizia kwenye benchi.

Mchangiaji wa pili

Mimi ni daktari wa mifugo, na nitasema machache, kwa sababu naona mnabishana juu ya ada kabla ya kuangalia kitu ambacho dai lolote la bima hukiuliza kwanza. Wateja wangu wengi hawana maandishi. Mbwa amechomwa sindano na mtu aliyekuja na bodaboda na chupa mfukoni, bila kadi, bila risiti, bila namba ya toleo la chanjo. Miezi mitatu baadaye analetwa akiwa na distempa na mwenyewe anaapa kwamba alichanjwa. Inawezekana alichanjwa, na inawezekana chupa ile ilishinda juani tangu asubuhi. Mkataba wa bima kwa kawaida hukataa kulipia ugonjwa ambao chanjo ingeuzuia kama chanjo haikuthibitishwa, na hapo mtailaumu kampuni bure.

La pili ni utambulisho. Mbwa watatu wa rangi ya udongo wenye mkia uliopinda, yupi ndiye mwenye bima? Chipu yenye ukubwa wa punje ya mchele huwekwa chini ya ngozi ya shingo na kubeba namba ya tarakimu 15. Bila hiyo, mkaguzi wa madai ana haki ya kuwa na mashaka.

Kwa hiyo mleta mada, orodha yako kwa wakala isiwe ya majina ya wenye mbwa peke yake. Weka tarehe ya kuzaliwa, kila chanjo na tarehe yake, muhuri wa daktari, na namba ya chipu kama ipo. Wenye mbwa wa chini ya miezi minne waanze wiki hii, wakiwa bado hawana historia ya ugonjwa ya kuwazuia. Na yule kijana wa Mbezi, kama mtoto wake wa mbwa amepona, naye aandikwe, ila aitaje ile parvo mapema kwenye fomu, isije ikafichuliwa na faili ya kliniki.