Canonet QL17 GIII (kamera ya filamu ya Canon): shata inalia lakini haifunguki

Wakuu, nikibonyeza nasikia "tik", ila vibati vya shata (vinavyofunguka kupitisha mwanga) havifunguki. Springi imekatika?

— Mara chache. Kwa kawaida ni grisi ya fokasi: huzeeka, mafuta yake yakatambaa hadi kwenye vibati, vikanatana. Fungua pete ya mbele, toa lenzi ya mbele. Chovya pamba ya masikio kwenye petroli ya viberiti, pangusa vibati, fyatua shata, pangusa tena mpaka pamba itoke safi.

— Usimwage petroli tu, mkuu. Ikizidi hubeba mafuta hadi lenzi ya nyuma. Na WD-40 (mafuta ya kupulizia) marufuku! Vibati hufanya kazi vikavu.

— Kisha jaribu spidi ya 1/4 (robo sekunde). Ikisuasua, uchafu uko kwenye gia za spidi ndogo. Taima (ya kujipiga picha mwenyewe) usiiguse kwanza. Ikikwama, shata nayo imekwama.