Naomba ushauri: tafakuri ya kuwatakia watu mema imenikwama kwa mtu mmoja

MwanaPangani: Habari za jioni, wanajukwaa. Mimi ni mama mkazi wa Tanga, na kwa muda sasa msongo wa mawazo umeninyima usingizi. Rafiki yangu alinielekeza tafakuri ya kuwatakia watu mema: unakaa kimya, unatuliza pumzi, kisha unasema moyoni, "Niwe salama, niwe na afya, niwe na amani," halafu unamtakia hayo hayo mtu unayempenda, mtu usiye na habari naye, na mwisho mtu anayekuudhi. Hatua za mwanzo zinanituliza kabisa, lakini nikifika kwa huyo wa mwisho kifua kinabana, meno yanasagana, na usiku huo silali tena. Je, niongeze muda, au kuna zoezi la akili linalopaswa kutangulia?

Mzee wa Chumbageni: Binti yangu, tunayo sala. Mathayo 5:44 inatuagiza kuwapenda adui zetu na kuwaombea wanaotuudhi. Piga magoti, na usingizi utakuja wenyewe.

Nesi wa Zamu: Shikamoo, mzee. Sioni kama mambo haya mawili yanagombana. Mimi hufanya kazi wodini usiku, na kila ninaponawa mikono kabla ya kwenda kitanda kinachofuata, maji yakiwa bado yanapita vidoleni, humtakia nafuu mgonjwa ninayemwendea. Hasira za zamu zimepungua, ingawa hazikupungua kwa siku moja. Utafiti wa mwanasaikolojia Barbara Fredrickson na wenzake kuhusu tafakuri hii, uliochapishwa mwaka 2008, nao ulionyesha kwamba hisia njema huongezeka polepole, wiki baada ya wiki. Lakini dada, hujatuambia huyo mtu wa mwisho ni nani.

MwanaPangani: Ni ndugu wa karibu tu. Sidhani kama hilo lina uzito. Mimi naulizia zoezi.

Msomaji wa Raskazoni: Lina uzito, dada. Buddhaghosa, mtawa wa Kibudha aliyeandika juu ya zoezi hili huko Sri Lanka katika karne ya 5, alitahadharisha mtu asianze na adui, na akasema chuki ikizuka arudi kwanza kwa wale wanaompa utulivu. Tena kuna tofauti kati ya ugomvi uliopita na ule ambao bado unakugongea mlango. Kati yenu kuna nini?

MwanaPangani: Basi nitasema. Ni kaka yangu mkubwa. Baba alipofariki, mahakama ya mwanzo ilimteua kuwa msimamizi wa mirathi. Sasa amepata mnunuzi wa nyumba, na anataka nisaini ridhaa Jumatatu bila kuniambia bei. Mdogo wetu aliye chuoni hana habari. Nimekwisha kuamua kusaini, kwa sababu siwezi kumtakia mtu mema alfajiri kisha nimpinge mchana. Hata huyo mtawa, nimesoma, alishauri kwamba hasira ikikataa kuondoka umpe adui zawadi.

Ukweli Mtupu: Naomba radhi, lakini kisa hiki sikiamini. Mtu alikuja kuuliza habari za pumzi, na sasa ana kaka, nyumba, mnunuzi na tarehe ya mwisho, huku akaunti yake ikiwa imefunguliwa wiki hii. Tumewaona hapa watu wanaoanza na machozi na kumalizia na namba ya kulipia mafunzo.

MwanaPangani: Sina mafunzo ya kuuza. Akaunti ni mpya kwa sababu ile ya zamani kaka anaijua. Karatasi ninayo hapa mezani: jina langu limechapwa chini likiwa limekosewa herufi moja, na nafasi ya bei imeachwa wazi.

Mzee wa Chumbageni: Kama bei imeachwa wazi usisaini, binti yangu, na nasema hivyo hata kwa yule asiyeamini kisa hiki. Katika mirathi ya shemeji yangu tuliona haya kusemezana, na wajane ndio walioumia. Msimamizi si mwenye mali. Kanuni za mahakama ya mwanzo zinamtaka awasilishe orodha kamili ya mali na madeni ndani ya miezi 4 tangu kuteuliwa, isipokuwa mahakama imemwongezea muda, na baadaye atoe hesabu.

Msomaji wa Raskazoni: Zawadi hutoka katika mali yako, na fungu la mdogo wako si lako kumgawia mtu. Unaweza kumtakia kaka yako salama kwa moyo wote na bado ukaikataa karatasi yake. Kwa sasa muweke kando katika tafakuri, ukae zaidi na mtu usiye na deni naye, kama muuza samaki wa mtaani. Mawazo yakikimbia usiku, hesabu kutoka 100 ukishuka kwa saba saba, na ukipotea anza upya bila kujilaumu.

MwanaPangani: Nimempigia mdogo wangu, naye anakuja Jumapili. Jumatatu tutakwenda wote kwa karani wa mahakama kuuliza kama orodha hiyo imo kwenye jalada, na kusaini kutasubiri. Hata hivyo sitaacha kumtakia kaka mema, na nawaomba mtu yeyote asimwite mwizi katika uzi huu.