Shule za udaktari za wanawake peke yao: ziliwainua au ziliwachelewesha?

MLETA MADA

Wakuu, hoja hii huzimwa haraka kwa kauli moja tu: kutenga ni ubaguzi, basi. Mimi nabisha. Bila shule zile za karne ya 19, madaktari wanawake wangeendelea kuhesabika kwa vidole kwa muda mrefu zaidi. Na pale zilipofungwa mapema, ndipo idadi yao ilipoganda.

Angalieni waliopita mlango wa pamoja. Elizabeth Blackwell alipata shahada mwaka 1849 kwenye chuo kidogo cha Geneva, jimbo la New York. Maombi yake walipelekewa wanafunzi wa kiume wapige kura, wakadhani ni utani, wakapitisha. Mdogo wake, Emily, alipoomba hapo hapo akakataliwa. Uingereza nako, Elizabeth Garrett alipenya mwaka 1865 kupitia chama cha waandaa dawa cha London, ambacho kanuni zake hazikuwa zimemkataza mwanamke. Alipopita tu, kanuni zikabadilishwa. Anaingia mmoja, kufuli linawekwa.

Edinburgh, kule Uskoti, ndiyo inayoniuma zaidi. Kuanzia 1869 Sophia Jex-Blake na wenzake walikubaliwa kusoma udaktari chuo kikuu, ila kwa vipindi vyao vya peke yao. Mwaka uliofuata Edith Pechey akafaulu kemia kwa kiwango cha kustahili tuzo ya masomo. Tuzo akapewa mwanamume aliyekuwa chini yake, kisa eti yeye hakusoma darasa moja na wanaume. Aliyewatenga ni nani kama si chuo chenyewe? Tarehe 18 Novemba 1870 walipokwenda Surgeons' Hall, jengo la chama cha madaktari wapasuaji, kwa mtihani wa anatomia, walikuta umati umefunga njia, wakarushiwa matope na lango likabamizwa mbele yao. Walipopata kuingia, kondoo akasukumiwa ndani ya chumba cha mtihani. Inasimuliwa kwamba mwalimu alisema aachwe hapo hapo, ana akili kuliko waliomleta. Mwaka 1873 mahakama ikaamua kwamba chuo hakikuwa na mamlaka ya kuwapokea tangu awali. Miaka minne ikaenda na maji! Shahada zao za heshima zilitolewa mwaka 2019, wote wakiwa makaburini zamani.

Sasa linganisheni na chuo cha udaktari cha wanawake cha Pennsylvania, Marekani, kilichoanzishwa 1850. Hakikutoa mmoja kwa bahati, kilitoa kundi baada ya kundi, na hadi wageni: Anandibai Joshi wa India mwaka 1886, Kei Okami wa Japani 1889. Wasichana wetu wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia) pale shule za Kilakala na Msalato nao wanasoma wasichana watupu, na sijasikia mtu akisema wanabaguliwa.

Karibuni, pingeni kwa hoja.

NESI MSTAAFU

Mwanangu, umeandika vizuri, ila umeiruka wodi.

Baada ya Edinburgh, Jex-Blake alifungua shule ya wanawake London mwaka 1874. Walimu walikuwapo, wanafunzi walikuwapo. Hospitali ya kujifunzia je? Haikuwapo. Wala hapakuwa na chombo cha kuwatahini ili wasajiliwe. Shule ile ingekufa kimyakimya. Kilichoiokoa ni sheria ya Bunge ya 1876, iliyoviruhusu vyombo vya mitihani kuwapokea wanawake, kisha chuo cha madaktari cha Ireland kikakubali kuwatahini, na mwaka 1877 hospitali ya Royal Free ya London ikawafungulia wodi. Kwa hiyo waliowaingiza ni sheria na vitanda vya wagonjwa, shule ilikuwa mahali pa kusubiria tu.

Nimefanya kazi na intern wengi, yaani madaktari wapya walio mazoezini. Unamwona kijana ana alama nzuri za darasani, lakini asubuhi kwenye raundi daktari bingwa anamsimamisha kitandani: "Weka sikio hapa chini ya bega. Unasikia nini?" Anakodoa macho. Kesho anaulizwa tena, na keshokutwa, mpaka sikio linafunguka. Hayo hayapatikani kwenye jengo la peke yako. Tena ukitengwa shuleni utatengwa na kazini: wengi wao waliishia kutibu wanawake na watoto, upasuaji mkubwa ukabaki wa wanaume.

MTU WA HESABU

Wote wawili mnazungumzia Waingereza na Wamarekani. Muungano wa Kisovieti ulipofika miaka ya 1960, madaktari wengi walikuwa wanawake, na haikuwa kwa sababu ya shule za kutengwa wala hisani ya hospitali moja. Serikali iliamua inataka madaktari wengi, na mshahara wa daktari ukawa wa kawaida kabisa. Wanaume wakaenda kwingine. Hilo mnaliitaje, ushindi?

MLETA MADA

Mtu wa Hesabu, nakubali kwamba kuingia si sawa na kuheshimiwa, lakini huo ni mjadala mwingine, ufungulie uzi wake.

Mama, shikamoo. La wodi nalikubali, lakini wa kubisha hodi hospitali ya Royal Free walipatikana wapi? Shule ndiyo iliyowaweka pamoja wakati Bunge linajadili. Wangetawanyika majumbani 1873, hiyo sheria ingemhudumia nani?

Na mfano wa kufunga mapema ni huu. Mwaka 1893 shule ya udaktari ya Johns Hopkins, Marekani, ilifunguliwa ikipokea wanawake kwa masharti sawa na wanaume, kwa sababu tajiri mmoja wa huko, Mary Garrett, na wenzake walitoa fedha za kuianzisha kwa sharti hilo. Watu wakaona vita vimekwisha, vyuo vya wanawake vikafungwa kimoja baada ya kingine. Kufikia 1910 vilibaki vitatu. Vyuo vya pamoja vikaweka viti vichache vya wanawake, na mwaka 1970 wanawake walikuwa bado chini ya asilimia 10 ya wanafunzi wote wa udaktari. Mpaka sheria ya 1972 ya kukataza ubaguzi wa kijinsia kwenye elimu ndipo wakaongezeka.

Japani je? Yoshioka Yayoi alianzisha shule ya udaktari ya wanawake Tokyo mwaka 1900, na mpaka leo inapokea wanawake tu. Mwaka 2018 ikafichuka kwamba chuo kingine cha udaktari cha mji huo huo, cha pamoja, kilikuwa kikipunguza alama za wasichana kwenye mtihani wa kuingia, miaka nenda rudi. Mama, ungekuwa na binti Tokyo mwaka 2017, ungemjazia fomu ya chuo kipi?