Kubadilishana nyumba likizo: Paje au Nungwi? Nihakikishe vipi ilipo?

Njiro_Juu: Wakuu, tuna nyumba Arusha, tunataka kubadilishana na mtu wa Unguja siku kumi. Nimepata mbili, Paje na Nungwi. Zote zimeandikwa "dakika 5 kwa mguu hadi ufukweni". Nichukue ipi?

Fundi_Ramani: Mwezi gani? Mna gari? Kuna mzee au mtoto? Tusibahatishe. Ila pini ya kwenye tangazo usiiamini. Mwenye nyumba asimame getini, akutumie lokesheni mubashara ya WhatsApp, kisha apige simu ya video akitembea mpaka mchangani bila kukata. Wewe hesabu dakika. Ukipima kwa mstari ulionyooka, ramani inakupitisha juu ya kuta za mahoteli. Mita 300 zinageuka kilomita nzima ya kutafuta uchochoro.

Mwana_Bwejuu: Tazama na jua. Paje bahari iko mashariki, jua linazama nyuma ya nyumba, upande wa barabarani. Akikuonyesha machweo juu ya maji, picha si ya hapo. Mimi nasema Nungwi. Paje maji yakipwa, hasa siku za bamvu, yanapojaa na kupwa kupita kiasi, unatembea mamia ya mita kwenye mwani hujalowa magoti.

Kusi_Kaskazi: Jedwali la maji lipo, ndugu yangu. Maji huchelewa kama dakika 50 kila siku, na siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, hayaendi mbali hivyo. Paje isisingiziwe.

Njiro_Juu: Ni Agosti. Hatuna gari. Mama yupo, magoti yanamsumbua.

Kusi_Kaskazi: Agosti ni kusi, msimu wa upepo wa kusini, Paje upepo haukatiki. Wacheza tiara wanaufuata huo huo.

Fundi_Ramani: Kwa mama, pima kutoka lami, siyo kutoka baharini. Daladala 116 ya Nungwi na 309 ya Jambiani inayopitia Paje zinakushusha barabarani; kipande kinachobaki ni mchanga na mawe.

MamaZuhra: Uliza shehia gani, yaani mtaa wa kiserikali wa Zanzibar, umpigie sheha, kiongozi wake. Na risiti ya umeme, kule ni Tukuza siyo Luku, jina lilingane na la tangazo.

Mwana_Bwejuu: Mpangaji jina halitalingana, na si tapeli.

MamaZuhra: Basi mkataba wake uonekane, na kipengele kinachomruhusu kukaribisha wageni.

Njiro_Juu: Wa Paje amekubali video kesho saa kumi jioni. Wa Nungwi anasema mtandao unasumbua.

Fundi_Ramani: Saa kumi kesho maji yatakuwa yamejaa au yamekupwa? Angalia jedwali kabla hujamjibu.